Gesti niliyokaa nikisubiri daktari wa kansa Mulago: nyota nne

Mimi natoka Arua, majibu ya bayopsi (kile kipande cha nyama kinachokatwa kupimwa) yalitoka kansa ya titi, nikaambiwa nishuke Kampala nimsubiri daktari bingwa pale Uganda Cancer Institute, Mulago. Siku tisa jamani, siku tisa za kuhesabu dari! Nikapanga gesti ndogo chini ya kilima, 25,000 kwa usiku, boda dakika tano umefika.

Chumba cha kawaida tu, neti imetoboka na maji ya moto ni bahati yako. Ila mama mwenye nyumba, eeh. Usiku wa kwanza nalia kimyakimya akagonga, "Mwanangu, kunywa chai kwanza," ya tangawizi, moto mpaka inaunguza ulimi. Yeye alishapitia haya, akanipa daftari la shule niandike maswali ya daktari, la kwanza nimuulize kipimo cha vipokezi vya homoni na HER2 (protini kwenye seli za kansa) maana ndicho kinasaidia kuchagua dawa. Kurasa tatu zimejaa, moja ina alama ya kikombe.

Baa ya jirani inapiga muziki mpaka saa nane usiku, beba pamba za masikio. Na ulizia chumba cha nyuma.