Uzoefu wangu na NeST: fundi samani wa Arusha anapouzia serikali mwenyewe

Kwa miaka mingi karakana yangu hapa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ilitengeneza madawati ya shule za serikali bila serikali kunijua. Mtu mwenye kampuni na makaratasi yake alishinda zabuni, akaja kwangu na vipimo, tukakubaliana bei ya ufundi. Mimi nilikata chuma, nikachomelea, nikaranda mbao. Yeye akapeleka mzigo na kulipwa. Mwaka 2016, elimumsingi bila malipo ilipoanza na kila mkoa ukawa unahaha kutafuta madawati, vijana wangu walikuwa wanalala karakanani. Kazi ilikuwa nyingi kweli kweli, ila faida nono ilibaki kwa aliyeshika LPO, yaani hati ya serikali ya kuagiza mzigo. Sina kinyongo naye, alinilipa tulichopatana. Lakini msimu ulipoisha, hakukuwa na mwalimu mkuu wala afisa ununuzi hata mmoja aliyejua kwamba yale madawati yametoka kwenye mikono yetu.

Sasa nauza mwenyewe. Nimejisajili NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, nimepata kazi kadhaa na nimekosa nyingi zaidi, na bado nasema huu usajili umeisukuma mbele biashara yangu kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia.

Kwa asiyeufahamu: mfumo huu uko chini ya PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, ulichukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS, na tangu tarehe 1 Oktoba 2023 taasisi za umma zinatakiwa kufanya ununuzi wao humo. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, ikaukazia. Kwa fundi wa Unga Limited maana yake ni kwamba halmashauri zote saba za mkoa wa Arusha, kuanzia Jiji mpaka Ngorongoro, pamoja na shule zao, hospitali na vyuo, zinatangaza mahali pamoja. Zamani ulihitaji mtu wa kukutonya. Kama hukuwa na ndugu wala rafiki ofisini, habari ya zabuni ilikufikia siku imeshafungwa. Leo nafungua simu asubuhi kabla vijana hawajawasha mashine, naona nani anataka nini na mwisho ni lini.

Usajili wenyewe si mgumu kama unavyosimuliwa vijiweni. Unahitaji kitambulisho cha NIDA, TIN, leseni ya biashara, jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), barua pepe na namba ya simu. Sehemu ya kutulia ni pale unapochagua aina ya biashara. Mfumo unagawa mambo kwenye bidhaa, kazi za ujenzi, huduma za ushauri na zisizo za ushauri, na ndani yake kuna matawi. Leseni yako ikisema jambo moja na wewe ukataka kuomba jingine, utakwama. Jirani yangu anayetengeneza madirisha ya aluminiamu ilibidi arudi ofisi ya biashara kwanza kushughulikia leseni, ndipo akaendelea. Kingine ni kodi: ukiwa na madeni TRA hupati cheti cha kutodaiwa kodi, na bila hicho zabuni nyingi hutazigusa.

Niseme jinsi kazi inavyokwenda, maana hapo ndipo penye utamu. Nchi nzima shule za sekondari zimejengwa kwa fedha za SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, na za msingi kwa mradi wa BOOST, na kila darasa jipya linataka viti na meza. Nilipata LPO ya seti za viti na meza za shule moja ya sekondari upande wa Longido. Vipimo viliandikwa vyote: ukubwa wa bomba la mraba, unene wa chuma, aina ya mbao, urefu wa meza, rangi. Tulipofika na Fuso, kamati ya ukaguzi na mapokezi ilikuwa inatusubiri, walimu watatu na mtu wa halmashauri. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye mzigo. Hakuangalia vanishi. Alipindua meza miguu juu, akapitisha kidole chini ya ubao taratibu, kona hadi kona, akitafuta ncha za skrubu zilizotokeza. Kisha akakalia kiti na kukiyumbisha kwa nguvu mbele na nyuma.

“Fundi, hivi umetengeneza wewe mwenyewe?”

“Mimi na vijana wangu, mwalimu.”

“Basi niandikie namba yako kwenye daftari langu.”

Namba ile imeniletea kazi nyingine. Shule ya jirani ilihitaji kabati za maabara, wakaulizana, wakaambiwa nani aliwaletea viti visivyolegea. Kazi yenyewe ilibidi ipite kwenye mfumo kama kawaida, nikashindana na wengine, lakini nilijua mapema kwamba itatangazwa na nilikuwa nimejiandaa. Hili lisingetokea enzi nilipokuwa nafanya kazi nyuma ya jina la mtu.

Benki nayo ilibadilika. Nilipokuwa naenda na maelezo ya mdomo kwamba nina wateja, walinisikiliza kwa adabu na kuniaga kwa adabu. LPO ya halmashauri yenye jina la biashara yangu ni karatasi wanayoielewa. Benki kadhaa hapa nchini zina mkopo wa LPO, wanakukopesha ununue malighafi na malipo ya serikali yanapitia kwenye akaunti yako kwao. Soma masharti na riba kwanza, lakini mlango upo. Mimi ulinisaidia kununua mbao za saiprasi na za paini kwa jumla wakati bei iko chini, badala ya kuokota chache chache kila ninapopata oda.

Sasa upande wa maumivu, kwa sababu nisingependa mtu aingie kichwakichwa. Fedha ya serikali inalipwa, lakini huwa inachelewa, na urefu wa kuchelewa hutofautiana sana. Kuna halmashauri moja iliyonilipa upesi mpaka nikashangaa, na nyingine niliyoipelekea mzigo uliokamilika, ukapokelewa na kusainiwa, halafu nikawa mtu wa kupiga simu kila wiki kwa muda mrefu. Wakati huo huo vijana wanataka posho, kodi ya karakana inataka kulipwa, na mwenye duka la vyuma hataki kusikia habari za bajeti ya serikali. Kwa maoni yangu, anayetegemea mtaji wa kuzungusha wiki kwa wiki aanze na zabuni ndogo ndogo, zile za nukuu za bei, mpaka ajue nani analipa vipi. Na asiache wateja wake wa mtaani. Vitanda na makabati ya watu binafsi ndivyo vinavyolisha karakana yangu wakati nasubiri.

Kwenye bei, hesabu yako iwe na kila kitu: chuma, mbao, rangi, skrubu, umeme, ufundi, Fuso ya kwenda na kurudi, posho ya wapakuaji, na kodi ya zuio. Serikali inaponunua bidhaa kwako inakata asilimia 2 ya malipo na kuipeleka TRA. Kwenye mzigo wa Sh 10,000,000 hiyo ni Sh 200,000. Haijapotea, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, kwa hiyo dai cheti chake na ukitunze. Ila mkononi huna, na kama ulipanga kumlipa mtu kwa hiyo fedha, utaaibika. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, iwe inafanya kazi, maana risiti itatakiwa.

Nashangazwa na wanaoshusha bei mpaka chini ya gharama ili tu washinde. Zabuni zikishafunguliwa unaona bei za washiriki wenzako, na mara nyingine naona bei ambayo hata chuma peke yake hainunui. Mtu kama huyo ataleta bomba jembamba, kiti kitapinda kabla mtoto hajamaliza kidato cha pili, na lawama zitatuangukia mafundi wote wa hapa. Kwangu hilo ni jambo zito, kwa kuwa watoto wanaovikalia ni wetu.

Ukikosa, usikasirike ukafunga simu. Mfumo unakutumia taarifa ya nani anakusudiwa kupewa na kwa nini wewe umeachwa, na kabla mkataba haujasainiwa una nafasi ya kulalamika kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi husika, kisha kwenye Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Mimi sijawahi kufika huko. Zile sababu za kukosa nazisoma neno kwa neno, zimenifundisha kujaza zabuni.

Vijana, akina mama, wazee na watu wenye ulemavu mna fursa yenu: sheria inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalum. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu kuhusu usajili wa kikundi. Vijana wawili waliojifunza kuchomelea kwangu wameungana na wenzao na wanaelekea huko, na nimewaambia wasione haya kushindana na mwalimu wao.

Jambo ambalo mafundi wenzangu wananiuliza zaidi ni kama wamlipe mtu wa steshenari awasajilie. Msaada wa kujaza si vibaya kama kompyuta inakusumbua, lakini barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, na neno la siri ulichague wewe huku ukimwambia ageuke. Fundi mmoja wa Ngarenaro alisajiliwa kwa barua pepe ya kijana wa steshenari, kijana akahamia Babati, na mialiko yote ikawa inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hata randa hajui kuishika. Kuirudisha akaunti ile mikononi mwake kulimgharimu msimu mzima wa zabuni za mwanzo wa mwaka wa fedha, ambao huanza Julai. Kwa hiyo mwenye leseni na TIN tayari asingoje Julai ifike. Ajisajili sasa, apakie nyaraka zake, na akague tarehe ya mwisho ya leseni kabla hajaomba chochote.