Tahadhari: Mafundi wa pevingi wanaofukia DPC (kizuia unyevu cha ukuta), kisha wanarudi kuuza dawa ya ukuta

Ndugu zangu wenye nyumba Wakiso na Mukono hapa Uganda, jihadharini na mafundi wanaopita mlango kwa mlango wakijitolea kupanga pevingi (vitofali vya sakafu ya nje) uani kwa bei ya kutupa. Bei ni ndogo kwa sababu hawachimbi. Kazi hii inataka udongo uondolewe kwanza, marumu ishindiliwe na mchanga utandazwe. Hawa humwaga mchanga juu ya sakafu ya zamani na kupanga papo hapo, hivyo ua mzima hupanda.

Kwa shangazi yangu ulipanda hadi ukafunika DPC, ile karatasi nyeusi inayolazwa juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Ikishafukiwa, maji huipita kwa pembeni na kuingia moja kwa moja katika matofali ya kuchoma, ambayo hunyonya maji upesi. Na hata isipofukiwa, matone ya mvua yakidunda kwenye sakafu ngumu iliyo karibu nayo huurukia ukuta juu yake. Ndiyo maana uso wa ua hutakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya DPC, tena uinamie upande usio wa nyumba.

Mvua za Machi zilipoanza, rangi ya sebuleni ilifura malengelenge, chumvi nyeupe ikachomoza nyuma ya kochi, na plasta ikawa inamomonyoka kwa kuguswa tu. Fundi yule yule akarudi bila kuitwa (nani alimwambia?) akiuza ndoo za rangi ya kuzuia maji, na kutaka alipwe pesa zote kwa simu kabla ya kuanza, bila risiti. Rangi hiyo ikipakwa ndani haizuii maji yanayotoka nje. Huyafungia ukutani, nayo hupanda kutafuta pa kutokea.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, mtake aoneshe DPC ilipo, mpime pamoja kwa tepu, na kimo mlichokubaliana kiandikwe. Aliyekwisha kufukiwa DPC yake aondoe safu ya pevingi iliyogusa ukuta, achimbe mfereji mwembamba hadi chini ya DPC na kuujaza kokoto, kisha auache ukuta ukauke kwa miezi kadhaa kabla ya kupiga plasta mpya. Anayewaahidi kuukausha kwa wiki moja kwa ndoo zake, msimfungulie geti.