TAHADHARI: Chumba kimoja karibu na Mloganzila, wapangaji wanne

Wanafunzi wenzangu wa udaktari na uuguzi mnaojiandaa kuanza rotesheni, yaani zamu za mafunzo wodini, katika Hospitali ya Mloganzila, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Wiki tatu zilizopita nimetapeliwa 440,000 kwa chumba nilichokwenda kukiona mwenyewe. Niliingia ndani, nikawasha taa, nikafungua bomba maji yakatoka. Wengi wetu tunaamini kwamba wanaoibiwa ni wale wanaotuma hela kwa kuona picha tu. Mimi sikutuma kwa picha, na bado hela imekwenda.

Kwa asiyepajua, Mloganzila iko kata ya Kwembe, Manispaa ya Ubungo, ndani kutoka Barabara ya Morogoro. Ukishuka Kibamba bado hujafika, unatafuta bodaboda au bajaji. Kwa sisi tuliozoea kukaa Upanga, hiyo ni zaidi ya kilomita 25 kila upande, na foleni yake mnaijua. Ukiwa na raundi asubuhi na zamu inayokutoa wodini saa tano usiku, kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani kwa wiki nyingi mfululizo. Nilijaribu siku mbili. Siku ya pili nilisinzia nimesimama, nimeshika faili la mgonjwa. Nikasema nitafute chumba karibu.

Nilikuwa na siku nne tu, kwa sababu nilibadilishana kundi na mwenzangu aliyekuwa anaumwa. Bumu, hela yetu ya mkopo wa kujikimu, lilikuwa limeingia wiki ile ile. Sasa hivi naamini matapeli hawa wanayajua yote mawili, siku makundi yanapobadilishana na siku bumu linapoingia, maana tangazo lilikuja katikati kabisa ya hapo.

Lilifika kwenye grupu letu la WhatsApp kupitia kwa mwenzetu aliyelipokea kutoka grupu jingine, naye alilirusha kwa nia njema. Liliandikwa hivi: chumba masta, tailizi, Luku yake peke yake, maji ndani, uzio na geti, 110,000 kwa mwezi, miezi mitatu, "dakika tano kwa miguu mpaka hospitali, kinawafaa madokta na manesi". Picha ya WhatsApp ya namba iliyowekwa kwenye tangazo ilikuwa ya mwanaume mwenye koti jeupe na stetoskopu shingoni.

Nikampigia. Aliniita dokta tangu salamu ya kwanza. Akasema yeye naye ni daktari, amepata uhamisho wa ghafla kwenda mkoani, na hataki chumba kiende kwa mtu wa mtaani asiyejielewa, angependa amwachie mdogo wake wa fani. Aliniuliza naanza idara gani. Nilipomwambia watoto, akacheka akasema, "Jiandae, huko hamlali." Ndugu zangu, hapo ndipo aliponipata. Mtu anayejua kwamba wodi ya watoto haina usingizi nilimwona ni wa kwetu. Lakini hilo analijua hata muuza chai wa getini.

Jumamosi nilitoka wodini saa nane mchana nikaenda. Alinipokea kijana wa bodaboda pale Kibamba, akasema daktari ameitwa hospitali kwa dharura lakini funguo ameacha. Akachukua elfu kumi ya kunionyesha chumba. Tuliingia njia ya vumbi, tukakata kona kama tatu hivi, tukafika kwenye nyumba ya tofali yenye geti jeusi. Hapo nilitakiwa kujiuliza zile dakika tano za miguu ziko wapi, maana hata paa la hospitali halikuwa linaonekana. Sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa naangalia saa, saa kumi nilitakiwa nirudi kumalizia historia ya mgonjwa niliyekuwa nimwasilishe Jumatatu.

Kijana akafungua mlango. Rangi ya ukutani ilikuwa mpya, bado inanuka. Chumba kilikuwa kitupu isipokuwa ndoo moja, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na koti jeupe la kitabibu. Limepigwa pasi, mkunjo wa mikono umenyooka, kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Kijana akasema, "Hilo koti la dokta atalifuata jioni." Naliona mpaka leo nikifumba macho. Lile koti lilinitoa mashaka yote yaliyokuwa yamebaki.

Niliomba kuonana na mwenye nyumba. Nikaambiwa mama yuko msibani Moshi, lakini nitaongea naye. Simu ikapigwa, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mzima, taratibu kabisa. "Mwanangu, mimi nina binti yangu anasoma kama wewe, shida zenu nazijua. Naomba tu usafi na usiniletee kelele." Karibu nilie kwa kushukuru. Mkataba ulikuwa umeshachapwa, una nafasi ya jina langu na muhuri wa duara wa bluu. Sikuusoma ule muhuri. Niliona tu kwamba upo.

Kodi ya miezi mitatu ni 330,000, na 110,000 nyingine nikaambiwa ni ya dalali, mwezi mmoja kama ilivyo kawaida ya mjini. Nikaahidi kutuma usiku. Jioni yule "daktari" akanipigia mara tatu, kuna nesi mwingine anakitaka, ameshika hela mkononi, lakini yeye ananihurumia mimi.

Saa tatu usiku nikaingiza namba aliyonipa. Kwenye kioo likatokea jina la mwanaume ambalo halikuwa la mama mwenye nyumba wala la huyo daktari. Nikapiga kuuliza. Akasema ni laini ya mdogo wake, ya mama ina tatizo la usajili. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu inayoniuma kuliko hela yenyewe. Wodini, kabla mgonjwa hajawekewa damu, watu wawili wanasoma jina lililo kwenye mfuko na jina lililo kwenye faili, na yakitofautiana hakuna anayegusa kitu mpaka ijulikane kwa nini. Nimesimama kwenye zoezi hilo sijui mara ngapi. Usiku ule majina hayakufanana, na nikaweka namba ya siri.

Jumapili nikakodi kirikuu, nikapakia godoro, jiko la gesi, begi na boksi la vitabu. Nilipofika getini nikamkuta binti amekaa juu ya sanduku lake, mwanafunzi wa uuguzi kutoka chuo kingine. Akaniuliza kama mimi ndiye mpangaji anayehama. Nikamwambia hapana, mimi ndiye ninayehamia. Tukatazamana. Akatoa mkataba wake, nami nikatoa wangu. Karatasi ni ile ile, muhuri ule ule, chumba kile kile. Kabla hatujamaliza kusoma ikafika bajaji yenye mume na mke, mama wa watu ana ujauzito mkubwa, nao wana mkataba wao. Wa nne alikuja jioni, kijana anayeanza kazi ya maabara.

Mzee mwenye nyumba halisi anakaa nyumba ya nyuma, uani kabisa, na alikuwepo siku zote hizo. Hakuna msiba wowote Moshi. Alitueleza kwamba wiki mbili nyuma alimpangisha kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa fundi simu, akalipa mwezi mmoja, akapaka rangi mwenyewe, na mzee akamwona ni mpangaji mwema. Kumbe alikodi chumba ili apate funguo, na kwa mwezi mmoja aliolipa akakiuza mara nne. Yule binti wa uuguzi alinishika mkono akaniuliza, "Na wewe ulikuta koti nyuma ya mlango?" Wote tulilikuta. Na yule mama wa simu, mimi aliniambia binti yake anasoma udaktari, mwenzangu akaambiwa uuguzi, na yule mjamzito akaambiwa binti yake anatarajia kujifungua mwezi ujao.

Nilipiga 100 kuzungumza na huduma kwa wateja ya mtandao wa simu. Wakaniambia hela ilishatolewa kwa wakala usiku ule ule. Kama ningepiga ndani ya dakika chache na hela bado imo kwenye akaunti, wangeweza kuizuia. Kwa hiyo ukishtuka, piga kwanza, kulia baadaye. Kisha tukaenda polisi wote wanne, tukafungua jalada la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, tukapewa namba ya RB, yaani ya taarifa yetu kwenye kitabu cha polisi. Namba za simu zilizotumika tumeziripoti pia kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ile ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo haina gharama. Sitaweka hapa jina lililotokea kwenye kioo, msiniombe. Laini nyingine husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, na inawezekana mwenye jina hilo naye ni mwathirika. Kwa sababu hiyo hiyo, piga *106# leo uangalie ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako.

Kesho yake tukapeleka mikataba ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji hakuhitaji hata miwani. Muhuri ule ulikuwa na jina la mtaa wa kata nyingine kabisa. Angeweza kutuambia hivyo Jumamosi, bure, kwa dakika mbili, kama kuna mmoja wetu angefika pale. Mjumbe wa eneo lile naye alisema angetupeleka moja kwa moja kwa mzee, wanafahamiana miaka yote.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya pili, na ndivyo ninavyowasihi mfanye. Chumba ukishakipenda, usizungumze na aliyekuleta. Gonga mlango wa jirani, mwulize nyumba ni ya nani na mwenyewe anakaa wapi. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya mtaa ukaulize jina hilo hilo. Mwenye nyumba akiwa kweli amesafiri, ana ndugu au msimamizi anayejulikana pale mtaani, na kama hakuna hata mmoja anayemjua, ondoka. Hela lipa pale pale nyumbani, mkataba ukisainiwa mbele ya mjumbe, na ukilipa kwa simu jina litakalotokea kwenye kioo liwe ndilo lililo kwenye mkataba. Likiwa jingine, hata la mdogo mtu, hata la mke, ghairi muamala. Atakayekuambia kuna mwingine ameshika hela mkononi, mwache ampe huyo mwingine.

Na msilipe kwa haraka ya siku moja. Hapa ndipo tunapokamatwa sisi wa fani hii, kwa sababu muda hatuna na wao wanajua hatuna. Kama ratiba imekubana, afadhali ulale kwa mwenzako wiki nzima. Mimi nililala chini kwa rafiki yangu siku tisa, godoro langu likiwa limesimamishwa ukutani mchana kwa sababu chumba chake hakikutosha magodoro mawili, na Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa kwenye raundi kama kawaida. Mgonjwa wangu nilimwasilisha vibaya, mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Njia iliyonisaidia mwishowe ilikuwepo tangu mwanzo. Kila kundi linapomaliza rotesheni kuna watu wanaoacha vyumba halisi, vya wenye nyumba halisi. Niliuliza kwa CR (kiongozi wa darasa) wa mwaka wa tano, dada mmoja akaniambia anaondoka mwisho wa mwezi na akanipeleka mwenyewe kwa mama mwenye nyumba. Chumba ni cha kawaida, sakafu ya saruji, choo cha nje tunashirikiana watatu, Luku tunachangia. 60,000 kwa mwezi, na mama akakubali miezi miwili kwa sababu anajua ratiba zetu. Mjumbe alikaa kwenye kigoda akishuhudia nikihesabu noti. Naomba viongozi wa madarasa tuanze kuandika orodha hiyo, vyumba gani vinaachwa, lini, na simu ya mwenye nyumba itolewe kwa ridhaa yake, ili wa mwaka wa tatu wasitegemee matangazo yanayorushwa kutoka grupu hadi grupu.

Wazazi na walezi mnaosoma hii, mtoto akiwapigia usiku kwamba chumba kitachukuliwa na mwingine, msitume kwanza. Mwombeni awapatie jina la mjumbe. Mama yangu alikuwa ameniongezea 150,000 kati ya zile, za kuuza kuku. Nilimweleza siku ya nne, alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Sisi wanne bado tunafuatilia jalada. Kama nawe ulionyeshwa chumba maeneo ya Kibamba au Kwembe chenye rangi mpya, ndoo moja na koti jeupe nyuma ya mlango, uwe ulilipa au hukulipa, niandikie nikupe namba ya RB ukaongeze maelezo yako. Mzee wa nyumba ile amebadilisha kitasa, kwa hiyo kijana huyo sasa hivi anatafuta funguo nyingine, na makundi yanabadilishana tena mwezi ujao.