Mpango wa uandishi wa walimu: nilichopata, na nilichokataa kuandika

Tangu niweke tangazo la mpango huu kwenye grupu letu la walimu wa JSS, yaani sekondari ya chini ya Kenya, swali linalorudi ni moja: una faida, au ni semina nyingine ya chai na cheti? Una faida. Chai ilikuwepo, cheti pia kipo mahali fulani kabatini, lakini nawashauri muombe kwa sababu nyingine kabisa. Jina la wenye mpango sitalitaja, maana kuna mahali nitawalaumu na sitaki mjadala uwe wao.

Utaratibu ni huu. Lazima uwe mwalimu aliye darasani sasa hivi. Ukichaguliwa unapewa mhariri, kikundi cha walimu wenzako mnaosomeana rasimu Jumamosi, na posho. Muhula ukiisha uwe umetoa makala mawili ya kweli kuhusu darasa lako. Wazo lenyewe lina umri: mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walimu walianza kukusanywa wakati wa likizo kwa imani kwamba anayefundisha uandishi sharti naye aandike. Huku kwetu wengi tunafundisha insha mwaka nenda mwaka rudi, na kitu kirefu zaidi tunachoandika wenyewe ni azimio la kazi.

Hapo ndipo mpango uliponifaa. Nafundisha Kiswahili gredi ya 8 katika shule ya umma huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na yeyote aliyepitia shule za Kenya anaijua insha yetu ya mtihani. Jua linachomoza kutoka matlai, ndege wanatumbuiza, kijasho chembamba kinamtiririka mhusika, na wahenga wanalonga kila aya ya pili. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, ilikuwa na insha ya alama 40, na mtoto aliyekariri mapambo ya kutosha alijua hataanguka. KCSE, ule wa kumaliza sekondari, bado ina karatasi nzima ya insha, na mapambo bado yana soko. Sasa mhariri wangu, mama mpole aliyewahi kufanya kazi gazetini, aliisoma rasimu yangu ya kwanza, akakata aya mbili za mwanzo, akaandika swali pembeni: "Mlango wa darasa lako unafungwaje?"

Haufungwi. Kitasa kiling'oka kabla sijahamia shule hii, kwa hiyo tunauzuia kwa dawati. Anayekaa kwenye dawati hilo ndiye huwafungulia wachelewaji, na kwa sababu hiyo anajua mengi kuliko mwalimu wa darasa: nani amebeba mtoto hadi kwa jirani kwanza, nani amefukuzwa na kondakta, nani hakutaka tu kuja. Makala yangu ya kwanza yalitoka kwenye dawati lile. Na maswali ya aina hiyo hayakukoma. Kitabu kimoja kilikuwa cha wanafunzi wangapi? Nani alifuta ubao? Kelele ya darasa la pili ilikuwa ya wimbo au ya vita? Nilipoanza kuwauliza wanafunzi wangu maswali hayohayo juu ya insha zao, matlai yalipungua yenyewe. Nina insha moja ya foleni ya maji ambayo singeibadilisha na alama zozote.

Kikundi cha Jumamosi ni hadithi nyingine. Mpe mwalimu rasimu ya mwenzake uone: kalamu nyekundu inatoka mfukoni kabla hajaketi. Ukurasa wangu wa kwanza ulirudi umeandikwa "ngeli!" mahali ambapo ngeli ilikuwa sawa kabisa, na bado nitabishana na mwenye kalamu ile tukikutana. Ikabidi tuwekewe sheria. Msomaji anasema tu alipopotea na alipotaka kusikia zaidi, na mwandishi hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Walimu kunyamaza! Lakini ilifanya kazi. Siku tuliyokutana katika maktaba ya Kaloleni, mwalimu wa hisabati kutoka upande wa Mathare alisoma kipande kuhusu mwanafunzi wake aliyesimama mbele ya ubao na kukosa kabisa la kuandika. Alikuwa ameshamsomea mwanafunzi mwenyewe kwanza. Mtoto akamwambia: "Mwalimu, umeandika nililia. Sikulia. Nilikuwa na mafua." Tulicheka, kisha hatukucheka tena, kwa sababu kila mmoja alianza kupekua machozi kwenye kurasa zake.

Lawama yangu inaanzia hapo hapo. Makala ya pili yalikuwa yaende kwa wasomaji wa ng'ambo, na yalipita kwa mhariri mwingine aliyekaa mbali. Nilikuwa nimeandika juu ya kazi za nyumbani za mtaala wa umilisi, zile ambazo mzazi ndiye hasa mwanafunzi. Mnakumbuka picha za akina baba wakishona sanamu za kufukuzia ndege shambani? Huku kwetu shamba la karibu ni sufuria ya sukuma wiki kwenye roshani ya ghorofa ya nne, na gharama ya mradi ni kuprinti saiba, gundi, manila na mama anayerudi kutoka kibaruani saa mbili usiku. Ni makala ya kuchekesha kiasi, na wazazi wangu wa darasa wanajitambua humo. Mhariri alirudisha na maswali: mtoto huyu amekula nini leo? Nyumba yao ina chumba kimoja? Baba yuko wapi? Si maswali mabaya kwa kuyaangalia moja moja. Ukiyapanga, unaona makala yanayotafutwa: mtoto mwenye njaa wa Nairobi, na mwalimu shujaa aliyesimama karibu naye. Nilikataa. Nikajibu kwa barua pepe kwamba mtoto alikula chapati na maharagwe, na kwamba makala ni ya gundi. Walichapisha kama nilivyoandika, ila kichwa walikibadilisha kuwa cha huzuni bila kuniuliza. Hilo bado linaniuma.

Jingine ni ridhaa. Fomu ya mpango iliniuliza tu kama nimebadilisha majina ya wanafunzi. Jina kubadilishwa halitoshi katika shule ambayo kila mtu anajua ni nani hukaa mlangoni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na hata bila sheria, yule ni mtoto wa mtu. Nilimwita mama yake shuleni, nikamsomea makala yote. Aliomba sentensi moja itoke, ikatoka, akatia sahihi. Wenye mpango walikuwa na wanasheria wa kutosha kuandaa karatasi ya namna hiyo tangu mwanzo. Hawakuiandaa, niliandika yangu kwa mkono.

Kuhusu pesa, nitasema kwa ufupi. Posho ilikuja kwa awamu kupitia M-Pesa, asilimia 5 ikiwa imekatwa kodi ya KRA, mamlaka ya mapato, na awamu ya mwisho ilichelewa hadi nikaacha kuiulizia. Inatosha nauli na bando. Ukiomba kwa sababu ya posho utakasirika. Mkataba wa hakimiliki, kwa upande mwingine, ni mzuri kuliko nilivyotarajia: makala ni yangu, wao wana haki ya kuyachapisha kwanza.

Wengine mmeniuliza, "TSC, tume inayotuajiri walimu, wakisoma je?" Niliandika juu ya darasa langu na kazi yangu, sikumtaja mwalimu mkuu wala mfanyakazi mwenzangu, na nilimwonyesha naibu kabla ya kutuma. Alilalamika kitu kimoja tu, kwamba nimesema kitasa hakipo. Kitasa kipya kimewekwa.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wameipoteza kwa kile kichwa cha habari. Kwa mwalimu wa JSS anayeruka kutoka Kiswahili hadi somo ambalo hakulisomea chuoni, kwa sababu hakuna mwingine wa kulifundisha, jua kwamba rasimu zinataka saa za usiku, na muhula wa mitihani si wakati wake. Muombaji anaruhusiwa kuandika kwa Kiingereza au Kiswahili. Ombeni kwa Kiswahili: waombaji ni wachache, yule mama wa gazetini ndiye anayewasoma, na ana muda. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kwa maandishi nani ana neno la mwisho juu ya kichwa cha makala.