Uzoefu wangu: tozo ya watalii Bali niliyoilipa mara mbili

Tozo ya kuingia kisiwa cha Bali ni rupia 150,000 kwa kila mgeni anayetoka nje ya Indonesia, mkubwa kwa mdogo. Sisi tulikwenda watatu Februari 2025: mimi, mume wangu na mwanetu wa miaka 6. Hesabu yetu ilikuwa rupia 450,000, kama dola 28 hivi. Tulilipa, tena kwa roho safi. Ila kabla ya hapo nilishapoteza dola 87 mahali pasipo penyewe, na naanza na hilo kwa sababu bado linaniuma, na najua wapo watakaoingia mtego uleule.

Ilikuwa usiku wa kuamkia safari. Mabegi yameshafungwa, mtoto amelala, ndipo nikakumbuka tozo. Nikatafuta kwenye simu, nikabonyeza tovuti ya kwanza iliyotokea. Ilikuwa nzuri kwelikweli: picha ya hekalu lililozungukwa na maji ya ziwa, fomu fupi, na neno "rasmi" juu kabisa. Nikajaza. Walikata dola 29 kwa kila mmoja wetu, na nikaona sawa tu, nikidhani ndiyo bei. Ikaja barua pepe inayosema maombi yamepokelewa na yanashughulikiwa. Vocha, yaani uthibitisho kwamba umelipa, haikuja.

Tulipofika Doha kubadilisha ndege nilikuwa bado naifungua barua pepe kila baada ya dakika tano. Pembeni yangu alikaa dada mmoja wa Mombasa, naye anaelekea hukohuko. Akaniuliza mbona nahangaika hivyo, nikamweleza.

"Hebu nionyeshe hiyo anwani," akasema. Akaisoma taratibu, akatikisa kichwa. "Pole dadangu. Hawa si wenyewe. Ya serikali inaishia na go.id. Hii yako ni ya watu binafsi, wamekula hela zako."

Anwani yenyewe ni lovebali.baliprov.go.id, na ipo pia programu ya simu iitwayo Love Bali. Nikakaa palepale kwenye kiti cha uwanja nikalipa upya. Unaweka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, uraia, barua pepe na siku ya kufika. Ukiwa na familia unawaongeza humohumo na mnalipa kwa pamoja. Kadi ya benki ilikubali mara ya kwanza, pakaongezeka ada ndogo ya muamala. Vocha tatu ziliingia kabla hatujaitwa kupanda ndege, kila moja na msimbo wake wa QR. Nikazipiga picha ya skrini ili zisitegemee intaneti. Haikuzidi dakika kumi. Zile dola 87 sijarudishiwa hadi leo. Nimewaandikia mara nne bila jibu, na benki yangu inasema malipo niliyaidhinisha mwenyewe.

Ila upande wa huduma, tovuti halali ya serikali sina la kulalamikia. Tozo hii ilianza tarehe 14 Februari 2024, kwa kanuni ya mkoa wa Bali ya mwaka 2023. Wenyeji wanaiita pungutan. Si viza, viza unalipia kivyake. Si kiingilio cha mahekalu pia, kila hekalu kubwa lina mlango wake na tiketi yake. Hii inakwenda kwa mkoa, na iliwekwa kwa ajili ya mambo mawili: kulinda utamaduni wa Wabali na kutunza mazingira ya kisiwa. Wenye vibali vya kuishi Indonesia hawalipi, wala wafanyakazi wa ndege na meli.

Nakiri kwamba neno tozo kwetu Tanzania lina jeraha lake. Tangu zile za miamala ya simu za mwaka 2021, ukimtajia mtu tozo anashika mfuko. Mume wangu ndivyo alivyolipokea. "Tumelipa nauli, tumelipa viza, sasa na kuingia kisiwani?" Nikamkumbusha kwamba Zanzibar nako, tangu Oktoba 2024, mgeni anayetoka nje ya nchi anakata bima ya lazima ya dola 44, na sisi tunaona ni sawa. Akanyamaza.

Kilichonishangaza ni kutua. Uwanja wa ndege wa Bali, Ngurah Rai, tulipita uhamiaji, tukachukua mabegi, tukapita forodha. Vocha zangu tatu nimezishika mkononi kama mwanafunzi na karatasi ya mtihani. Hakuna aliyeziuliza. Kaunta ya kulipia tozo ipo, na wahudumu wamekaa, lakini watu walikuwa wanaipita kama hawaioni. Wengine nadhani hawakujua hata ni ya nini.

Baadaye nikakaa na hesabu. Mwaka 2024 Bali ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 6. Fedha za tozo zilizokusanywa mwaka huo ni rupia bilioni 300 na ushee. Gawanya kwa 150,000, unapata watu milioni 2 na kidogo. Hata ukitoa Januari na nusu ya Februari, kabla haijaanza, bado wengi waliingia na kutoka bila kulipa. Hapo ndipo roho yangu haitulii. Anayebeba mzigo ni yule mwenye kutii, na fedha ambazo kisiwa kilistahili kupata zinapita mlangoni zikiwa ndani ya mifuko ya watu.

Mama yangu ni mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia. Kule hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, na ukienda Utende lazima upite geti. Mgeni analipa pale, upige mbizi usipige. Barabara ni moja na geti ni moja, huwezi kusema hukuliona. Najua Bali ni kubwa mno kwa geti moja, na foleni ya uwanja ule ikiongezwa ukaguzi mwingine itafika barabarani. Lakini kama wanaweza kuangalia viza ya kila mtu, naamini wanaweza kuangalia na hii.

Na fedha zenyewe zinahitajika, hilo nimeliona kwa macho. Asubuhi yetu ya pili tulishuka ufukwe wa Kuta. Februari ni msimu wa mvua na upepo wa magharibi, na bahari inatapika kila kilichotupwa mitoni. Mwanangu alikuwa amebeba ndoo yake ya kuchezea mchanga. Mchanga hauonekani. Magogo, mianzi, vikombe vya plastiki vya maji ya kunywa, kandambili zisizo na wenzake. Wanaume kama ishirini walikuwa wanakusanya kwa reki, na trekta linasukuma lundo lililonizidi kimo. Wamemaliza kipande, mawimbi yanaleta kingine. Mtoto akaniuliza nani ametupa. Nilishindwa kumjibu, maana chupa tuliyonunua usiku uliopita nayo sikujua imekwenda wapi.

Tuliporudi nyumba tuliyofikia, tukamkuta mwenye nyumba, mama wa makamo, amechutama mlangoni akiweka sadaka ya asubuhi. Wanaiita canang: kisahani kidogo cha jani la mnazi, ndani maua ya rangi nne, chembe za wali, udi juu unafuka. Nilisogea nikatazama namna jani lilivyokunjwa na kubanwa kwa vijiti vya mianzi vyembamba kama sindano. Nimekulia kwenye makuti na sijawahi kuona mnazi ukifanywa kitu laini namna ile. Anaweka kila siku, na jioni kinafagiliwa, kesho kingine. Nilipomwambia tumelipa ile pungutan, alinishika mkono, akanishukuru kama vile nimempa yeye. Nilijisikia vizuri na nikaona aibu kidogo, maana ilikuwa bei ya chakula cha mchana cha mtu mmoja kwenye hoteli za pwani ile.

Siku moja kabla ya kuondoka tulikwenda hekalu la Uluwatu, juu ya jabali kusini kabisa. Tumevishwa vitenge kiunoni, tunasubiri tiketi, akatokea kijana wa mkoa na simu ya kusomea misimbo. "Vocha ya tozo?" Nilifurahi kuulizwa kuliko nilivyotarajia. Akasoma yangu, ya mume wangu, na mtoto akataka ashike simu mwenyewe ili yake isomwe. Nyuma yetu wenzetu wanne hawakuwa nayo. Hawakufokewa wala kutozwa faini. Kijana aliwasogeza kivulini, akawaonyesha pa kulipia kwenye simu, akawasubiri. Wakalipa wote.

Mwezi uliofuata gavana wa Bali, Wayan Koster, alitoa waraka wa mwenendo wa watalii, na kulipa tozo hii ni miongoni mwa yaliyoagizwa humo. Nilifurahi kuusoma. Mdogo wangu anakwenda Agosti, nimeshamtumia ile anwani ya go.id, na nimemwambia alipe akiwa bado nyumbani, mchana, akiwa na akili tulivu, wala si usiku wa kuamkia safari.