Uzoefu wangu na kampuni iliyosafisha nyumba yetu iliyopikiwa methamfetamini

Polisi walipomaliza kuondoa madumu na vifaa vya wapangaji waliokuwa wakipika methamfetamini, dawa ya kulevya, katika nyumba yetu, masalia yaliyonasa kwenye kuta yalibaki kuwa jukumu letu wenye nyumba, na hiyo ndiyo kazi niliyoikabidhi kampuni ninayoieleza hapa.

Kilichonipa imani nayo ni kwamba ilikataa kushika brashi kabla ya vipimo kufanywa na mtaalamu asiyehusiana nayo. Mtaalamu huyo alibandika ukutani fremu ya sentimita 10 kwa 10, akapangusa ndani yake kwa kitambaa kilicholoweshwa, akakitia kwenye kichupa na kukipeleka maabara. Kwamba jiko limechafuka hakikuwa kitu cha ajabu. Ajabu ilikuwa vyumba vya kulala, ambavyo kwa macho na pua havikuwa na dosari, kumbe mvuke ulifika humo kupitia njia za kiyoyozi.

Mafundi walitoa makapeti, mapazia na magodoro yote yakatupwe, wakafyonza vumbi kwa mashine yenye chujio la HEPA, linalonasa hata chembe ndogo sana, wakasafisha njia za kiyoyozi, kisha wakaosha kuanzia dari hadi sakafu kwa maji ya sabuni, wakisuuza na kurudia tena na tena. Klorini hawakuigusa, kwa kuwa haijulikani vyema huzalisha nini ikikutana na masalia hayo. Mwongozo wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani nao hauishauri.

Lalamiko langu ni moja, na si dogo. Msimamizi alitaka rangi ipakwe kabla majibu ya vipimo vya pili hayajatoka, ilhali rangi juu ya ukuta mchafu huficha tu sumu, ambayo baadaye huweza kupenya na kujitokeza tena. Nilikataa, na majibu yalipokuja, bafu lilikuwa bado limezidi kiwango, likaoshwa upya bila malipo ya ziada.

Ningewapa kazi tena, lakini kwa mkataba unaotaja namba, maana neno “salama” pekee halipimiki: mwongozo wa Australia wa mwaka 2011 uliweka kikomo cha mikrogramu 0.5 za methamfetamini kwa kila sentimita 100 za mraba, wakati kiwango cha New Zealand cha mwaka 2017 kiliweka 1.5. Malipo ya mwisho nayo yasitolewe kabla ya ripoti ya maabara ya kila chumba.