LinuxCNC kwenye mashine ya kuchonga milango: uzoefu wangu na tatizo la ucheleweshaji

Karakana yetu ipo Keko, Dar es Salaam, na kazi kubwa ya CNC yetu, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, ni kuchonga maua kwenye milango ya mninga. Tunaiendesha kwa LinuxCNC, programu ya bure yenye asili yake NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Naipenda sana, ila inataka kompyuta inayojua kutunza muda.

Dalili zilikuwa hivi: mashine inachonga vizuri, ghafla mota inakoroma kidogo, na kuanzia hapo ua zima linahamia upande mmoja milimita mbili hivi. Ubao wa mninga ndio umeharibika hivyo. Mafundi wengi hapo hukimbilia kukaza mikanda au kubadili draiva (kifaa kinachoendesha mota). Kabla hujashika spana, tazama skrini. LinuxCNC hutoa onyo la "Unexpected realtime delay", na hulitoa mara moja tu tangu uiwashe. Ukilifunga, halirudi hata hali iwe mbaya namna gani, ndiyo maana wengi hulipuuza.

Ukitumia tundu la printa la pini 25, kompyuta yenyewe ndiyo inayotuma mapigo ya umeme kwenye mota, kila pigo hatua moja ndogo, kwa mfano kwa mzunguko wa maikrosekunde 25. Pigo likichelewa, linalofuata linalikaribia mno. Mota inashindwa kulifuata na hatua inapotea. Mota za stepa (zinazozunguka kwa hatua) za kawaida hazirudishi taarifa, kwa hiyo programu inaendelea na kazi ikiamini ipo mahali pake.

Kipimo kipo ndani ya LinuxCNC yenyewe: latency-test. Iwashe, kisha isumbue kompyuta makusudi: fungua glxgears (programu ndogo ya michoro) kadhaa, nakili mafaili makubwa, cheza video, buruta madirisha huku na huku. Iache muda mrefu. Ucheleweshaji wa juu kabisa ukibaki chini ya nanosekunde 20,000, kompyuta ni nzuri. Kati ya 30,000 na 50,000 inafaa, ila spidi itapungua. Ikifika 100,000, achana na tundu la printa.

Yetu ilivuka hapo. Niliingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) nikazima mipangilio ya kuokoa umeme na hyperthreading (kiini kimoja kufanya kazi kama viwili), nikatenga kiini kimoja cha prosesa kwa isolcpus, amri ya kuanzishia Linux. Namba zilishuka sana, lakini kilele kimoja kilibaki, kikijirudia kwa vipindi karibu sawa. Hiyo ni tabia ya SMI (System Management Interrupt): bodi mama inakatiza prosesa ili ijishughulishe na mambo yake, na kwa kawaida Linux haina uwezo wa kuizuia.

Tukaagiza Mesa 7I96S, kadi ya kuendeshea mota za CNC. Kadi hii hutengeneza mapigo yenyewe. Kompyuta huipa maagizo mara 1,000 kwa sekunde kupitia waya wa mtandao, kwa hiyo ucheleweshaji uleule uliokuwa unatuharibia mbao sasa hauna madhara. Bei pamoja na usafiri iliuma, lakini mbao za mninga nazo si bure. Usidanganywe na waya wa kugeuza USB kuwa tundu la printa. LinuxCNC haiwezi kuutumia.

Ombi langu kwa watengenezaji: lile onyo libaki kwenye skrini, na lihesabu kila ucheleweshaji unapotokea.